Shule za Bolton: miaka minne ya baba aliyekuwa mwalimu

Saa mbili kasorobo asubuhi basi langu huwa limejaa sare za shule. Naendesha mabasi ya njano, mtandao ule ulioanzia pande hizi za Bolton na Wigan, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, Septemba 2023 kabla ya kuenea Greater Manchester nzima, na kwa kazi hii nimewaona watoto wa karibu kila shule ya manispaa. Wa Farnworth hupanda wakitafuna mkate. Wa Kearsley makelele yao hutangulia kabla mlango haujafunguka. Wa Horwich hupanda na baridi ya kilima cha Winter Hill bado ipo kwenye makoti yao. Nikirudi nyumbani jioni simu inaita, familia nyingine imefika kutoka Kigoma, Mombasa au Bujumbura, na swali ni lile lile: "Shikamoo mwalimu, watoto tuwapeleke shule gani?"

Wananiita mwalimu kwa sababu nilikuwa mwalimu. Nilifundisha shule ya msingi wilayani Muheza, mkoa wa Tanga, miaka 11. Mke wangu ni muuguzi. Alitangulia Uingereza mwaka 2021, mimi na watoto tukamfuata Februari 2022. Mkubwa alikuwa na miaka 9, mdogo miaka 5. Kwa hiyo haya nayaandika kama mzazi, lakini jicho la darasani sijalitupa, na nimechoka kuyarudia kwenye simu kila mara kwa haraka.

Kwanza mjue Bolton si mji mmoja. Tangu Aprili 1974 manispaa hii imekusanya Bolton yenyewe pamoja na Farnworth, Kearsley, Little Lever, Horwich, Blackrod na Westhoughton. Halmashauri ni moja, na ndiyo mnayopaswa kuijua kwanza mkitafuta nafasi. Shule za serikali hazina ada. Kwa jumla nazipa nyota 4 kati ya 5. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya mlango. Ndani ni kuzuri, ila kuingia kulitutesa.

Nilidhani mambo ni kama nyumbani: unamshika mtoto mkono, unampeleka kwa mwalimu mkuu, unapewa orodha ya madaftari, Jumatatu yuko darasani. Nikaenda shule ya karibu, ambayo sitaitaja. Karani akaniambia kwa upole kwamba wamejaa, nijaribu tena baada ya Pasaka. Nikasema asante, nikaondoka. Watoto wangu wakakaa nyumbani wiki sita wakiangalia mvua dirishani, mkubwa akirudia daftari lake la zamani la hisabati mpaka kurasa zikalegea.

Aliyetuamsha ni mama mmoja kutoka Uvira. Yeye yupo Bolton miaka mingi. Mji huu ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kupokea wakimbizi kwa mpango wa Gateway ulioanza 2004, na Wakongo wengi walikuja kwa njia hiyo. Alikuja kutuletea sombe, akawakuta watoto nyumbani siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Akauliza, "Barua yao ya kukataa iko wapi?" Sikuwa na barua. Sikujua kwamba inatakiwa kuwepo barua.

Hapa msome taratibu. Mtoto anayefika katikati ya mwaka anaombewa nafasi kwa fomu maalumu. Utaratibu uko kwenye tovuti ya halmashauri, ukionyesha ni shule zipi maombi yake yanapitia kwao na zipi zinapokea zenyewe. Kanuni za uandikishaji za England zinataka mjibiwe ndani ya siku 15 za shule. Wakikataa, wanakataa kwa maandishi, wanaeleza sababu, na mnapewa haki ya kukata rufaa mbele ya jopo lisilo la shule. Maneno ya mdomo ya karani mapokezini hayahesabiki. Na mtoto hawezi kunyimwa nafasi kwa sababu ya uraia wake au aina ya viza ya wazazi. Andaeni mkataba wa nyumba na bili ya kodi ya halmashauri, maana anwani ndiyo inayopimwa: nafasi zikiwa chache, kwa kawaida mwenye ndugu shuleni na anayekaa karibu hutangulia.

Tulipojaza fomu majibu yalikuja upesi, ila watoto waligawanywa shule mbili, na kengele zinalia muda mmoja. Mdogo aliwekwa mbali kwa sababu madarasa ya wadogo yana kikomo cha kisheria: watoto 30 kwa mwalimu mmoja. Barua ile niliisoma mara tatu. Mimi nimewahi kusimama mbele ya watoto 104 kwenye chumba kimoja, watatu watatu na wanne wanne kwenye dawati, wengine chini. Hasira ikanishika na wivu ukanishika palepale, maana kikomo kile kilichomweka mwanangu mbali ndicho ningekiombea dua kule Muheza. Tulibaki kwenye orodha ya kusubiri, nikawa napiga simu kila Ijumaa kuulizia. Septemba wakawa pamoja.

Sasa ndani ya darasa, na hapa nitakaa kidogo.

Mdogo aliingia Mwaka wa 1, na Juni ile ile wakampima kusoma. Watoto wote wa Mwaka wa 1 hupimwa: maneno 40, ambayo 20 kati yake hayapo katika lugha yoyote. Yametungwa makusudi ili mtoto asikariri bali asome sauti ya kila herufi na kuziunganisha. Mama yake alishtuka, kwamba wanamfundisha mtoto upuuzi. Mimi nilitabasamu siku nzima. Ni ba, be, bi, bo, bu! Ni silabi zetu, zile nilizoandika ubaoni kwa chaki miaka 11. Mtoto aliyeanzia kusoma kwa Kiswahili ana faida kubwa kwenye kipimo hiki kwa sababu amezoea herufi iseme kilichoandikwa. Taabu inakuja baadaye, Kiingereza kinapoacha kusema kilichoandikwa. Nenda stesheni ya Westhoughton uusome ule ubao, kisha umsikilize mwenyeji akilitamka jina hilo.

Mkubwa naye alipimwa tebo mwezi huo huo: maswali 25 kwenye kompyuta, sekunde 6 kila moja, mpaka 12 mara 12. Mwaka 2022 ndio kipimo hicho kilikuwa cha lazima kwa mara ya kwanza kwa Mwaka wa 4. Tebo alikuwa nazo zote kichwani kutoka Tanga, tena kwa kuimba. Kilichomsumbua ni vitufe. Mwalimu wake alimwacha afanye mazoezi ya kuchapa tarakimu wakati wa mapumziko wiki mbili mfululizo, hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Naikumbuka sana hisani ile.

Fimbo haipo. Shule za serikali Uingereza ziliachana nayo mwaka 1987. Mimi nilibeba fimbo, na naandika hili bila kujificha. Nilidhani darasa la watoto 104 haliwezi kutulia bila hiyo, na pengine siku nyingine nilikuwa sahihi kuhusu utulivu. Lakini nimekaa nyuma ya darasa la mwanangu siku ya wazazi nikamwona mwalimu wa kike, mfupi, sauti ndogo, akiinua mkono mmoja juu na watoto 30 wakanyamaza mmoja baada ya mwingine kama taa zinazozimwa. Adhabu zipo: kunyimwa mapumziko, kubaki baada ya masomo kwa wale wa sekondari, kupigiwa simu mzazi. Mtoto wangu mdogo hajawahi kuamka asubuhi akiogopa kwenda shule. Nina wanafunzi wangu wa zamani ambao sijui kama wanaweza kusema hivyo.

Kosa langu kubwa lilikuwa kunyamaza. Kwetu mzazi mwema anamwachia mwalimu kazi yake. Akienda shuleni kuulizauliza, anaonekana mkorofi au hamwamini. Huku kuna kikao cha mzazi na mwalimu, dakika 10 kwa kila mtoto, na mwishoni mwalimu huuliza kama una swali lolote. Mwaka wa kwanza nilisema hapana, kila kitu kizuri, asante sana. Nilikuwa namheshimu. Baadaye nikaja kufahamu kwamba ukimya wangu ulisomeka vingine: baba huyu hana haja. Wakati huohuo walikuwa na wasiwasi juu ya mkubwa kwa sababu akisemeshwa na mtu mzima alikuwa anatazama chini. Walidhani ana huzuni, au anaficha jambo. Ni adabu tu! Bibi yake amemfundisha mwaka mzima asimkazie macho mkubwa. Miezi minne walibeba wasiwasi huo, na mimi ningeweza kuumaliza kwa sentensi moja.

Pale getini huwa kuna mzee wa Kihindi anayewachukua wajukuu zake. Siku moja alinisikia namwita mwanangu kwa Kiswahili, akageuka: "Habari gani, bwana?" Alizaliwa Jinja, wakafukuzwa Uganda mwaka 1972 pamoja na Wahindi wengine. Kiswahili chake kina kutu kidogo lakini bado kinatembea. Nikampa shikamoo, akaipokea kwa furaha. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba hapa daftari dogo la kusoma linaloletwa nyumbani kwenye mkoba si la mtoto peke yake. Kuna nafasi ya mzazi kuandika kila siku. Mimi nilikuwa naweka sahihi tu. Nikaanza kuandika: leo amekwama kwenye neno hili, leo amesoma peke yake kurasa nne, anatazama chini kwa heshima wala haumwi. Mwalimu akaanza kujibu. Tukawa tunaandikiana kama walimu wawili, na kwa kweli ndivyo tulivyo.

Kutokana na daftari hilo mwalimu aligundua kwamba nilikuwa mwenzake, akaniomba niende kusoma hadithi darasani siku ya Kiswahili duniani. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 7 Julai 2023. Nikasaini kitabu cha wageni, nikavishwa beji, nikasimama mbele ya watoto 30 baada ya mwaka na nusu bila kushika chaki. Nikasema "Paukwa!" Wakanitazama. Nikawafundisha. Mara ya tatu walijibu "Pakawa!" mpaka mwalimu wa chumba cha pili akachungulia. Wengi wao nyumbani wanasema Kigujarati, Kiurdu au Kipolandi. Watoto wa aina hiyo hawaogopi neno geni. Tuliimba silabi zote za ba mpaka za wa. Mwanangu mdogo alikaa mstari wa mbele, mgongo umenyooka kama mlingoti.

Kuhusu sekondari, maana ndiko mnakonipigia zaidi. Mtoto anahama akimaliza Mwaka wa 6, akiwa na miaka 11. Fomu mwisho ni tarehe 31 Oktoba, majibu tarehe 1 Machi. Wa kuanza msingi mwisho ni tarehe 15 Januari, majibu tarehe 16 Aprili. Andikeni shule zaidi ya moja kwa mpangilio mnaoutaka. Kuna wanaoandika moja tu wakiamini watalazimisha. Haiongezi nafasi hata chembe, na ikijaa mnapelekwa kunakobaki.

Msichague kwa bango. Nilipochagua, mwaka 2023, Ofsted, yaani idara ya ukaguzi wa shule, ilikuwa bado inazipa shule neno moja, na shule zilizopata neno zuri zilitundika bango kubwa getini. Tangu Septemba 2024 shule za serikali hazipewi tena neno hilo moja la jumla. Ripoti sasa inaeleza kila eneo peke yake, na ndivyo ilivyostahili tangu awali. Nendeni siku za kutembelea shule, Septemba na Oktoba jioni. Mimi nilitembelea shule nne. Ukumbini kila mtu ana maneno matamu, kwa hiyo niliwauliza wanafunzi wanaotembeza wageni: chakula cha mchana mnakula na nani? Ukigombana na mwenzako unamwambia nani? Kwenye shule moja mtoto alitaja jina la mwalimu papo hapo. Hiyo ndiyo tuliyoiweka juu.

Shule zenyewe zina historia ambayo dereva anaisikia vipande vipande. Rivington and Blackrod, ile ya Horwich, asili yake ni mwaka 1566, kazi ya askofu James Pilkington wa Durham. Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa haijawekwa jiwe hata moja. Smithills ndiko aliposoma bondia Amir Khan, aliyechukua medali ya fedha Athens 2004 akiwa na miaka 17, na vijana wa pale bado wanalisema hilo kwa kujidai. Ninayoipenda zaidi ni habari ya shule ya Kearsley, ambayo zamani ilibeba jina la George Tomlinson, mbunge wa Farnworth. Yeye alianza kazi kwenye kiwanda cha pamba akiwa na miaka 12. Mwaka 1947, akiwa waziri wa elimu, umri wa kuacha shule ulipandishwa hadi miaka 15. Nikipita pale naikumbuka, kwa sababu nimefundisha watoto walioacha darasa la tano kwenda kuchuma machungwa.

Kuna shule za serikali za dini pia, za Kanisa la England kama Canon Slade, za Kikatoliki, na za Kiislamu kama Bolton Muslim Girls. Mara nyingi hizi zina fomu yao ya nyongeza juu ya ile ya halmashauri, na ukiisahau unahesabika mtu wa mwisho. Bolton School, lile jengo la mawe mekundu barabara ya Chorley New Road, msilichanganye na shule za halmashauri kwa sababu ya jina: ni ya kulipia. Iliinuliwa kwa fedha za Lever, mtoto wa Bolton aliyetajirika kwa sabuni, yule yule aliyefungua mashamba ya mawese Kongo kuanzia 1911. Yule mama wa Uvira hapiti pale bila kusema neno.

Mengine kwa ufupi. Chakula cha mchana ni bure kwa watoto wote tangu darasa la awali, wanaloliita Reception, mpaka Mwaka wa 2. Baada ya hapo mnaangaliwa kipato. Ulizeni kuhusu halali mapema, shule nyingi za Bolton zimezoea. Sare msikimbilie duka la shule kwa kila kitu: suruali na mashati ya kawaida yapo madukani kwa bei nafuu, na ulizeni kama shule ina rafu ya sare zilizotumika. Siku ya Idi mtoto ana ruhusa, ila mwandikieni mwalimu kabla. Kwenda Tanga muhula ukiendelea ni jambo jingine. Siku tano bila ruhusa zinatosha kuleta faini ya pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na ukichelewa kulipa inakuwa 160. Sisi wazazi wawili na watoto wawili ni pauni 320 kabla ya tiketi. Mama yangu mzazi aliugua Novemba, tukamwandikia mwalimu mkuu kueleza, nikaenda peke yangu.

Linaloniuma sasa ni lugha. Mkubwa yuko Mwaka wa 8, na zamu ya kuchagua masomo ya GCSE, ile mitihani ya kumaliza sekondari wakiwa na miaka 16, inakaribia. Kwenye orodha ya GCSE kuna Kiurdu, Kigujarati, Kiarabu, Kipolandi. Kiswahili hakimo. Kipo kwenye mitihani ya Cambridge ya IGCSE, yaani GCSE ya kimataifa, ambayo shule za serikali za hapa kwa kawaida hazifanyi. Watoto wetu wana lugha nzima kinywani na haina cheti. Basi kila Jumamosi asubuhi, zamu ikiniruhusu, watoto saba wanakaa kwenye zulia letu Farnworth: wangu wawili, watatu wa yule mama ambao ni wajukuu, na ndugu wawili kutoka Mombasa wanaobishana nami kuhusu maneno. Tunasoma, tunaandika insha, tunasahihishana.

Wiki iliyopita nimeandika barua kwa shule ya mkubwa nikiuliza kama wanaweza kumwandikisha kwa mtihani huo wa IGCSE wa Kiswahili, hata kupitia kituo kingine, na kwamba nipo tayari kusaidia kumwandaa bila malipo. Nimeipeleka mwenyewe mapokezini. Karani akasema ataifikisha. Nikamshukuru, nikamwomba aniandikie tarehe ya kupokea kwenye nakala yangu, akaandika. Siku za shule 15 zikipita nitapiga simu Ijumaa.